Barua kwa wazazi wa darasa la saba, huku kwetu Pangani

Wanangu,

Nawaita wanangu kwa haki. Wengi wenu niliwashika mkono mkaandika herufi ya kwanza, na watoro mnanikumbuka vizuri zaidi. Leo ninyi ndio baba na mama, na mnayoyafanya yananinyima usingizi.

Yupo binti mmoja, simtaji. Jioni alikuwa akija na wenzake barazani kwangu kufanya hesabu. Wenzake wakihangaika na sehemu, yeye ang'ate kalamu kidogo tu, jibu hilo. Matokeo ya darasa la saba yakatoka, hakuchaguliwa. Nikamwita. Akainama, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu, mwisho akasema, "Babu, niliambiwa kwenye karatasi ya majibu nisilibe herufi B tupu, tangu juu mpaka chini." Aliyemwambia ni mzazi wake. Sasa yuko Dar es Salaam, analea mtoto wa watu, na mshahara unaingia kwenye simu ya mama.

Jamani! Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale wa baada ya 1977, tuliotoka darasa la saba tukapewa chaki huku kazi yenyewe bado tunajifunza. Enzi zile darasa zima huenda likatoa mmoja wa sekondari, au lisitoe kabisa, na wazazi walilia. Leo sekondari ya kata ipo, ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, halafu ninyi mnakaa jikoni usiku mnamfundisha mtoto kukosa! Hata nazi mnaitikisa sikioni kwanza kabla ya kuitupa.

Mtasema ada si gharama pekee. Kweli. Kuna sare, madaftari, mchango wa chakula, na ile njia ndefu inayomfanya binti aombe lifti ya bodaboda, na wapo wanaodai malipo yasiyo ya pesa. Hapo mna hoja. Viongozi wetu nao wasijifiche nyuma yenu: matofali ya hosteli tuliyachangia wote, leo yameota majani.

Lakini jueni hili. Mtoto akishafelishwa, si mwanafunzi tena. Sheria ya 2016 inayompeleka jela miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi haimkingi yeye. Ndiyo maana kuna wanaume wenye mahari mfukoni wanaoyasubiri matokeo kuliko sisi walimu. Mnawajua. Wengine mnakunywa nao kahawa.

Mengine kwa kifupi. Dagaa wakichanganya, msimtoe mvulana darasani akaanike. Mtoto ale kitu asubuhi, hata kiporo. Mkiitwa kikao cha shule njooni wenyewe, msimtume bibi.

Na mtoto akikuuliza usiku maana ya jambo usilolijua, usimfokee. Mlete kwangu. Taa ipo.

Mtihani ni Septemba. Mwenye shida ya sare asione haya: cherehani ya mke wangu ingali inashona, kitambaa tutachangishana Ijumaa baada ya swala. Vijana wa bodaboda niachieni mimi, nao nimewafundisha.

Mwalimu wenu