Sindano ya Tatu

Kibosho, Moshi

Mwanangu, mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Ng'ombe kazaa juzi, dume tena, na mvua imekatika mapema kuliko tulivyotegemea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia tu neno chanjo, mtandao unaanza kukata.

Hapa haukati. Umechoma sindano ya tatu ya chanjo ya homa ya ini B? Muuguzi wa zahanati amenieleza vizuri: ya kwanza, mwezi ukipita ya pili, halafu ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Na aliyechelewa haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Kwa hiyo ile sababu yako kwamba muda umeshapita nimeifuta. Wewe ulizaliwa kabla ya mwaka 2002, chanjo ya homa ya ini B ilikuwa bado haijaingizwa kwenye sindano za watoto hapa nchini. Mdogo wako anayo tangu mchanga, na yeye anasomea kuchomelea vyuma. Wewe unayekwenda Heidelberg, Ujerumani, kushika maini ya watu ndiye hujaimaliza.

Najua utajibu nini. Utasema seli mnazotumia ni zile za HepG2, zilizotoka kwenye uvimbe wa kijana wa miaka 15 na kuoteshwa maabara tangu miaka ya 1970, na hazina hivyo virusi. Sawa. Lakini ni wewe uliyemwambia mama yako kwamba baadaye mtapokea na vipande vibichi vya wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Hivyo ndivyo vinavyoninyima usingizi. Kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Glavu zinatoboka, mama.

Huku mashineni unazungumzwa kuliko mbunge. Kila anayeleta debe lake anauliza, "Mzee, binti anasomea udaktari wa nini?" Nawaambia hatibu mtu, anachunguza seli za ini zinavyopeana ishara. Wanatikisa kichwa. Basi nimejifunza kuwaeleza. Nawaambia kuna protini inaitwa beta-katenini. Kwenye seli yenye afya inatengenezwa na kuvunjwa, inatengenezwa na kuvunjwa. Ikija ishara ya kukua kutoka nje ya seli, inayoitwa Wnt, haivunjwi, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamuru igawanyike. Ishara ikikoma, inaanza kuvunjwa tena. Sasa kwa wagonjwa wa saratani ya ini, kama robo hadi theluthi yao, jeni la protini hiyo limeharibika, haivunjiki tena hata ishara isipokuwepo. Ni sawa na jirani aliyeng'oa lango la mfereji: zamu yake imekwisha, maji bado yanaingia kwake usiku kucha. Hapo hata mzee wa jirani alielewa, maana yeye na kesi ya mfereji ni tangu enzi za Mwalimu. Kama nimekosea mahali nirekebishe, lakini usinirekebishe mbele ya watu.

Mmoja akauliza, je, dawa ipo? Nikamtajia ile sorafenib, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2007 kwa saratani hii, inayozuia ishara nyingine za kukua. Akataka kujua inaponya. Nikasema katika jaribio lake waliopewa waliishi miezi 10.7 hivi, ambao hawakupewa 7.9. Kijana akacheka, "Mzee, huo si hata msimu mmoja wa mahindi." Nilimkasirikia kwa niaba yako. Usiku nikalala nikiwaza kwamba hajakosea sana. Sikubezi. Najua zimekuja dawa nyingine baadaye, na najua bila watu wa kukaa na protini moja miaka kumi hata hiyo miezi isingepatikana. Ila wakati mwingine naona mnakimbilia mwisho wa ugonjwa wakati mwanzo wake umelala hapa kwenye gunia.

Wiki iliyopita mama mmoja alileta mahindi ya shamba la chini. Kwa juu safi kabisa. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ndani kuna joto. Nilichotoa kilikuwa kimeshikana mabonge, kina ukungu wa kijani unaoelekea njano, harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Alipukuchua kabla hayajakauka, akahofia mvua, akafunga. Nikamwambia hii sumukuvu, sumu ya ukungu huu, haifi kwa moto wa ugali. Akasema basi nimkobolee, atakula sembe, pumba apewe ng'ombe. Nikamwambia kukoboa kunapunguza, hakumalizi, na kinachobaki kwenye pumba kinarudi kwenye maziwa. Akanitazama kama mtu anayemnyanyasa. Akabeba gunia lake, akasagiwa mashine ya jirani. Sijui ningefanya nini zaidi, maana na yeye ana watoto wa kulisha. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa sumu hii hii, na wengi walikuwa wamekula mahindi waliyovuna wenyewe.

Hao ni wa kufa haraka. Wa polepole hawahesabiwi. Ule utafiti wa Shanghai ulionisomea sijausahau: mwenye sumukuvu peke yake mwilini hatari yake ya saratani ya ini ni kama mara 3 ya asiye na chochote, mwenye virusi vya homa ya ini B peke yake kama mara 7, mwenye vyote viwili karibu mara 60. Na ulisema sumu huacha alama yake kwenye jeni la p53, lile linalozuia saratani, mahali pale pale, namba 249. Sasa wewe umekula ugali wa nyumba hii miaka yote, wa mavuno mazuri na wa mavuno mabaya. Hilo la mavuno mabaya tuliache. Kilichobaki mikononi mwako ni hicho cha pili, virusi, na dawa yake ni sindano moja iliyobaki.

Habari za baba yako mdogo sitazirudia, unazijua. Nasema tu kwamba tumbo lilipojaa maji wengine walisema karogwa, wengine wakasema mbege. Hakuna aliyetaja homa ya ini. Mtoto akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, mara tisa kati ya kumi virusi vinakaa naye maisha. Piga hesabu mwenyewe nani wengine wamezaliwa na bibi yako, huyo ambaye jina lake unalibeba.

Ndiyo, mimi. Usinigeuzie kibao. Mama yako ameshaniandikia tarehe ya kwenda kupimwa, kaibandika kwenye mlango wa kabati. Nimemwambia mashine itengemae kwanza.

Wewe ulipimwa kabla ya sindano ya kwanza ukaonekana huna, kwa hiyo mimi na wewe hatulingani. Nenda hapo hapo Arusha kabla ya Jumamosi, usisubiri ya Wajerumani.

Mengine. Koti la baridi mama yako kalipata soko la Memorial, zito, mtumba lakini zipu nzima. Kahawa ya kupeleka kwa profesa wako amekaanga mwenyewe, usiifungue njiani. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, nimenunua, msimu huu mahindi yetu hayataingia kwenye viroba. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, nusu nyingine itasubiri nimalize marejesho ya SACCOS. Usitume hela ya posho yako, najua utataka kutuma. Yule ndama mama yako anataka auzwe, mimi nasema akue kidogo.

Ukija Jumamosi panda gari la mapema. Pita pale kwenye duka la vipuri uninunulie mkanda wa mashine, B 68, miwili. Watakuambia B 70 ni ile ile. Usikubali, inalegea, na mtengenezaji hapatikani mpaka Jumatano.

Baba yako