Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: gari la zimamoto lisianziwe rangi

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam aleikum. Gari la zimamoto likistaafu na kutakiwa kutunzwa kama kumbukumbu, watu hukimbilia kopo la rangi nyekundu. Sisi mafundi twaomba rangi iwe ya mwisho, kwani roho ya gari hili ni pampu.

Pampu yake haiwezi kujivutia maji ikiwa na hewa tumboni. Hewa hutolewa kwanza, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande bomba: kwa hesabu kama mita 10 hapa pwani, kwa kazi halisi 7 hivi. Katundu kadogo tu kwenye bomba la kunyonya, na maji hayapandi.

Gari la mji huu likivuta maji ya bahari, chumvi hubaki kwenye pembe za pampu. Palipogusana aluminiamu na chuma au shaba, chumvi na unyevu hufanya kama betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tazama pembeni mwa bolti utaona unga mweupe. Ukiupaka rangi umeufunika tu. Baadaye rangi itafura malengelenge. Kwa hivyo maji matamu yapitishwe kwa wingi, kila vali ifunguliwe kwa zamu yake, na koki za chini ziachwe wazi hadi pampu ikauke. Bolti zikirudishwa, ziwe na washa za nailoni kupunguza metali kugusana.

Kama shafti (mhimili unaoizungusha pampu) imezibwa kwa kamba ya grafiti isivuje, pampu ikifanya kazi idondoshe tone moja moja. Fundi asiyejua huona uchafu, akakaza nati mpaka matone yakome. Kamba inaungua, shafti inachimbika mfereji. Matone yale ndiyo yanayoipoza!

Injini nayo isiwashwe dakika 2 za kufurahisha wageni, maana mvuke hugeuka maji ndani yakaingia kwenye oili. Iungurume nusu saa, hadi ipate moto kamili. Petroli ya zamani imwagwe kabla haijawa gundi kwenye kabureta. Ekseli zikae juu ya stendi. Mafuta ya breki, yanayonywa unyevu wa hewa, yabadilishwe kila miaka 2. Ngazi ya mbao ikaguliwe mchwa.

Gari likiondolewa kituoni, mnada si lazima. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 yaruhusu mali kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, na Makavazi ya Taifa wapo pale Fort Jesus. Ila lisiegeshwe uwanjani likipigwa na upepo wa kusi. Lapasa banda lenye ukuta upande wa bahari (la makuti litakuwa kichekesho).

Ombi letu: lisitoke kituoni kabla pampu haijaoshwa, na daftari lake la matengenezo likabidhiwe pamoja na funguo.

Wako,
Mafundi wa magari mazito, Mombasa