Barua ya Kufunga Muhula: Namna ya Kusoma Safu ya Umahiri

Wapendwa Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA RIPOTI ZA WANAFUNZI

Salaam. Muhula umekwisha salama, na leo kila mwanafunzi anarudi nyumbani na ripoti yake. Safari hii, kando ya alama za masomo, mtakuta safu ya umahiri yenye mojawapo ya maneno haya: ameufikia, anaukaribia, bado. Baadhi yenu mlioona nakala ya mfano mliniuliza kama "bado" maana yake mtoto hana akili. Sivyo hata kidogo, na kwa kuwa neno hilo linaweza kumuumiza mtoto bure, naomba mnivumilie niandike kwa kirefu.

Katika mazungumzo ya kawaida tunamwita mtu mahiri kwa sababu kazi ikiwa mikononi mwake hatuna wasiwasi. Ni sifa ya jumla, wala hakuna anayeipima. Wanataaluma hawaishii hapo. Rubani hakabidhiwi ndege kwa kuwa amesoma vitabu vya urubani. Hata baada ya kupata leseni hurudishwa mara kwa mara kwenye mtambo wa kuigiza safari, injini "ikaharibika" makusudi, ili ionekane atafanya nini. Muuguzi naye anaweza kuandika vizuri hatua zote za kumpa mgonjwa dawa, lakini msimamizi wake atataka kumwona akihakiki jina na kipimo wakati wodi imejaa na watu wanamwita. Kinachotazamwa ni maarifa, ustadi na mwenendo vikifanya kazi pamoja, katika shughuli inayojulikana, kwa kiwango kilichotajwa mapema. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, aliandika makala akitaka watu wapimwe kwa umahiri badala ya majaribio ya akili. Hoja hiyo iliwaingia sana waajiri.

Ndiyo maana mtoto anaweza kupata alama za juu katika mtihani wa sayansi na bado safu ya pili ikasema "anaukaribia". Amejibu maswali ya karatasi vizuri, na tunampongeza. Lakini alipopewa vifaa apange jaribio mwenyewe, alisubiri aambiwe la kufanya. Taarifa zote mbili ni za kweli, na moja haifuti nyingine.

Wanasheria ndio waangalifu kuliko sote, na ningependa tuige uangalifu wao. Wao, kabla ya kusema mtu ana uwezo, huuliza: ana uwezo wa jambo gani, na kwa wakati gani? Katika kesi ya Dusky ya mwaka 1960, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba, ili mshtakiwa ahesabiwe ana uwezo wa kusimama kizimbani, haitoshi ajue yuko wapi na kukumbuka kidogo yaliyotokea. Ni lazima kwa wakati huo aweze kushauriana na wakili wake kwa uelewa wa kutosha, na aelewe kesi inayomkabili. Uingereza, katika kesi ya Gillick ya mwaka 1985, iliamuliwa kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu ikiwa ana ufahamu wa kutosha kuelewa anachopendekezewa. Kwa hiyo mtoto yuleyule anaweza kuhesabiwa ana uwezo wa kuridhia tiba ndogo, na asiwe nao kwa upasuaji mzito. Sheria ya uwezo wa kiakili ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 inaanza kwa kudhani mtu ana uwezo mpaka ithibitike vinginevyo, na inakataza kumhesabu hana uwezo eti kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara.

Basi someni mstari mzima wa ripoti, msisome neno la mwisho peke yake. "Bado" iliyo mbele ya "kukadiria eneo la umbo lisilo la kawaida" haisemi mtoto hajui hesabu. Huenda mstari wa juu yake unasema ameufikia umahiri wa kupata eneo la mstatili. Nawasihi sana, asiambiwe nyumbani kwamba hesabu zimemshinda. Mwombeni awaonyeshe anavyofanya, na mumwache amalize kabla ya kumsahihisha.

Kwa upande wetu, kila penye "bado" mwalimu anapaswa kuandika alichokiona mtoto akifanya na atakachomsaidia muhula ujao. Mkikuta nafasi hiyo iko tupu, rudisheni ripoti nami nitaifuatilia. Walimu wa madarasa watawapokea wazazi wiki ya kwanza baada ya kufungua shule. Njooni na mtoto, maana tungependa aeleze kwa kinywa chake ni wapi anakwama.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu