Muoni moja inalipa kiasi gani?

Unguja

Kaka Hamad,

Assalaam alaykum. Natumai wote hapo Wete hawajambo.

Hao vijana wako wa kidato cha sita wameuliza vizuri: je, viini vya atomi vinaweza kuungana na kutoa nishati bila joto kali kama la jua? Ndiyo, viini vya haidrojeni huungana bila joto la mamilioni ya digrii. Mwanafizikia wa Kisovieti Andrei Sakharov alilifikiria jambo hilo mwaka 1948, na Luis Alvarez na wenzake wakaliona likitokea Berkeley, Marekani, mwaka 1956.

Kazi hufanywa na muoni hasi, chembe ndogo inayofanana na elektroni. Chaji yake ni ileile ya elektroni, ila uzito wake ni mara 207. Ikishika nafasi ya elektroni katika molekuli, kiini cha deuteri na cha triti, aina mbili nzito za haidrojeni, husogeleana karibu mara 200 zaidi, vikaungana mara moja. Hutoka nishati ya MeV 17.6 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), nyingi zikibebwa na nyutroni, na muoni huachwa huru itafute jozi nyingine.

Kwa nini basi muoni moja haiunganishi jozi nyingi zaidi? Wengi hulaumu umri wake, maikrosekunde 2.2. Mimi nalaumu heli. Kiini cha heli kinachozaliwa kina chaji mbili chanya, na takriban mara moja katika 200 huondoka na muoni yenyewe. Basi hata ingeishi milele, wastani usingepita mizunguko 200 hivi, yaani miungano 200 kwa muoni moja. Steven Jones na wenzake, miaka ya 1980, walifikia kama 150.

Sasa wape hesabu ubaoni: 150 × 17.6 ni MeV 2,640. Kuipata muoni moja, protoni zenye kasi kubwa hupigwa kwenye kaboni, zikatoka pioni, chembe za muda mfupi, nazo huoza kuwa muoni. Hugharimu kama MeV 5,000. Tena joto ukiligeuza umeme kwa asilimia 40, unahitaji mizunguko zaidi ya 700, na hapo mashine yenyewe hujaihesabia hasara.

Usafi wa gesi nao usiwapite. Hewa kidogo tu ikiingia, oksijeni na nitrojeni hupokonya muoni na haziirudishi. Triti nayo, yenye nusu-uhai wa miaka 12.3, huoza ikawa heli-3, mwizi mwingine, kwa hiyo mchanganyiko husafishwa tena na tena.

Deuteri si shida: kila mita ya ujazo ya bahari hiyo mnayoitazama ina gramu 33 hivi. Triti ndiyo hutaipata baharini. Hutengenezwa kwa kupiga lithi na nyutroni.

Wakikuuliza kama tuache kutegemea waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara, waambie bado.

Nisalimie Bi Asha na watoto.

Nduguyo,
Salum