Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vipimo vya Mvua na Hewa Kisiwani Pemba

Waheshimiwa wanachama, Assalaam alaykum.

Kwa niaba ya Kamati Tendaji naleta mbele yenu taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka tunaoufunga. Vipimamvua vyetu vimeendelea kusomwa saa 3 asubuhi, kuanzia Makangale na Tumbe upande wa kaskazini hadi Kengeja upande wa kusini, na daftari zimefika kwa Katibu isipokuwa chache ambazo wenyewe wamekwishazungumza naye. Hesabu za fedha zimekaguliwa, na Mshika Fedha atazisoma mwenyewe. Mimi nitasema tu kwamba sehemu kubwa ya matumizi ilikwenda kwenye nauli za wakaguzi na kwenye vioo vya kupimia vilivyovunjika. Hapo nawaomba wanachama wasiazimane vioo kiholela, kwa sababu kila kioo kimechorwa kwa ajili ya mdomo wa kipimamvua chake. Kioo cha kipimamvua chenye mdomo wa milimita 127 kikitumiwa kwa maji ya kile chenye mdomo wa milimita 203, mvua itasomeka zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyonyesha.

Jambo lililoishughulisha Kamati kuliko yote mwaka huu ni usafi wa kumbukumbu zetu, na humo ndimo nitakamokaa zaidi.

Vijana wa Kamati Ndogo ya Takwimu wamemaliza kuziingiza daftari za zamani kwenye kompyuta, kazi iliyowala jioni nyingi baada ya sala ya Isha, na nawashukuru kwa moyo wote. Daftari ikiwa mkononi, mtu huona ukurasa mmoja wa kituo kimoja, lakini zikiwa kwenye kompyuta unaweza kuvipanga vituo vyote ubavu kwa ubavu, siku kwa siku, na yaliyokuwa yamejificha yakajitokeza. La kwanza lililojitokeza ni mistari mitupu. Mstari mtupu unaweza kuwa na maana mbili: ama mpimaji alikwenda, akatazama na hakukuta tone, ama hakwenda kabisa kwa sababu ya msiba, safari au maradhi. Aliyeandika anajua alikusudia nini, lakini atakayesoma baada yake hajui, na mara nyingi programu ya kujumlisha huupita utupu huo kama kwamba ni sifuri. Mwezi uliopata mvua yake ya kawaida, lakini ambao wiki moja yake haikusomwa, hutoka kwenye jumla kama mwezi mkavu. Tukiiacha hali hiyo iendelee, mtu atakayechukua orodha yetu siku za mbele kutafuta mabadiliko ya tabianchi ataona ukame ambao Pemba haikuupata, na wala hatakuwa na njia ya kutambua kwamba kilichokosekana ni mpimaji, si mvua.

La pili ni mvua za Jumatatu. Katika baadhi ya vituo vilivyowekwa kwenye maskuli, Jumatatu inaonekana kuwa na mvua kubwa kuliko siku nyengine za wiki, na mbingu hazina sababu yoyote ya kuijua Jumatatu. Maji ya Jumamosi na Jumapili yalikaa ndani ya chombo, yakamwagwa pamoja na kuandikwa siku moja. Jumla ya mwezi haikuharibika sana, lakini habari ya nguvu ya mvua imepotea, na habari hiyo ina uzito wake. Milimita 60 zikinyesha kwa siku tatu, ardhi ya mabondeni huzinywa, na zikishuka kwa asubuhi moja hubeba udongo wa mlimani na kuumwaga kwenye mpunga wa watu. La tatu ni tarakimu zilizokatwa, tano, kumi, kumi na tano, ambazo zinaonyesha kwamba kioo kilitazamwa kwa mbali. Maji ndani ya kioo hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati. Kioo kinawekwa mahali palipo sawa, jicho linashushwa hadi usawa wa maji, na kinachosomwa ni chini ya ule mbonyeo, hadi sehemu ya kumi ya milimita.

Baadhi ya wanachama wameuliza kwa nini tusitumie tu kituo jirani kujaza pengo. Pemba hairuhusu jambo hilo kwa wepesi. Wengi wenu mmeshuhudia mawingu yakitoka baharini, yakamwaga maji Konde huku Micheweni pakiwa pakavu kabisa, kwa hivyo tofauti ya siku moja baina ya majirani si ushahidi wa kosa. Njia iliyotusaidia ni kujumlisha mvua ya kituo kimoja mwezi baada ya mwezi na kuichora dhidi ya jumla ya wastani wa majirani zake. Kituo kikiwa salama, mstari hunyooka kwa miaka. Ukipinda na kubaki umepinda, kuna kitu kimebadilika pale kilipo kipimamvua. Kituo kimoja kilionyesha upungufu wa namna hiyo, na wakaguzi walipofika walikuta migomba imestawi upande unaotokea upepo wa Kusi, ikikikinga chombo na mvua inayokuja kwa mshazari. Mwenye shamba hakuwa na ubaya wowote, na mgomba haumngoji mtu. Kipimamvua kimehamishiwa uwanjani, na tarehe ya kuhama imeandikwa ndani ya daftari, kwa kuwa kuhama kusikoandikwa nako huwa ni upotoshaji. Kanuni tunayoifuata ni kwamba kizuizi chochote kiwe mbali na chombo kwa angalau mara mbili ya urefu wake.

Lipo pia swali linalorudi kila mwaka, kwamba setilaiti zinaona kila kitu, basi chupa na kioo vya nini tena. Sehemu kubwa ya makadirio ya mvua ya setilaiti hutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu: wingu refu lina kilele baridi, na hudhaniwa kuwa ndilo lenye mvua. Pwani yetu, khasa wakati wa Kusi, hupata mvua nyingi kutoka kwenye mawingu mafupi yasiyofika juu sana, ambayo kilele chake hakijapoa, na mvua ya namna hiyo setilaiti huipunguza au huikosa. Hayo makadirio nayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Kwa hivyo kadiri vyombo vya angani vinavyoongezeka, ndivyo kipimamvua cha Kengeja kinavyohitajika zaidi.

Nije kwenye vimbunga, kwa sababu tangu Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, simu za wanachama hazijanyamaza kila bahari inapochafuka. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, na huhitaji pia msukumo wa mzunguko wa dunia ili upepo ujizungushe, na msukumo huo ni dhaifu mno karibu na Ikweta. Pemba iko takriban nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na hiyo ndiyo sababu tunasalimika kwa kawaida. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake, wakati Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndipo Pemba ilipochukua nafasi ya kwanza katika karafuu za Zanzibar. Unguja imetutangulia kwa nyuzi moja tu kusini. Mimi siioni nyuzi moja kuwa ni ukuta, na sipendi kuwasikia wanachama wakisema kwamba kwetu hakifiki.

Kwa ajili hiyo nimefurahi kuona barometa yetu, yaani chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, yenye karatasi ya kujichora ikifanya kazi mwaka huu. Waliokwenda kuitazama wameona kwamba mstari wake haunyooki hata siku tulivu. Mgandamizo wa hewa hupanda hadi karibu saa 4 asubuhi, hushuka hadi karibu saa 10 jioni, hupanda tena hadi saa 4 usiku na kushuka alfajiri, kwa hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) mbili au tatu hivi, kila siku, kama maji yanavyojaa na kutoka. Chanzo chake kikubwa ni jua linavyoipasha joto anga, na hali hiyo huonekana wazi zaidi katika nchi za joto kama yetu. Aliyekwisha kuuzoea mpando huu haogopi mshuko wa kila alasiri, na anaweza kutambua mara moja siku ambayo mstari umeshuka na saa ya kupanda ikapita bila kupanda. Hata hivyo, atakaloliona aliandike na amjuilishe Katibu. Tahadhari kwa umma hutolewa kisheria na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na Kamati haitamvumilia mwanachama anayesambaza utabiri wake kwenye simu kwa jina la chama. Wavuvi wa Kojani na wasafiri wa Mkoani wanastahili neno moja linaloaminika, si maneno kumi yanayopingana.

Kazi niliyoipenda zaidi mwaka huu ni ile ya kukusanya maneno ya wazee kuhusu miongo ya Nairuzi, kalenda yetu ya jadi. Wazee wetu walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa siku 365, zikagawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zikabaki za mwisho wa mwaka. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, na nahodha alijua mwongo wa kufunga safari. Wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo nao hujumlisha mvua kwa vipindi vya siku kumi, kwa hivyo maneno ya wazee yanaweza kuwekwa karibu na tarakimu zetu. Kuna tahadhari moja: hesabu ya Nairuzi haina mwaka mrefu wa siku 366, na kwa sababu hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, kama siku 24 kwa karne. Mwongo aliousikia mzee kutoka kwa babu yake haukuangukia tarehe zile zile unazoangukia leo. Kabla ya mtu kusema kwamba Masika yamehama, lazima kwanza aiondoe hama ya kalenda. Wanaokusanya habari hizi wameagizwa kumuuliza kila mzee alisikia lini na kwa nani, na kuyaandika maneno kama yalivyosemwa.

Nimeulizwa mara nyingi ni lini tutatangaza wastani wa mvua wa vituo vyetu. Wastani wa tabianchi kwa kawaida huhesabiwa kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika hivi sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa jumla Pemba hutajwa kupata kama milimita 1,900 kwa mwaka na Unguja kama 1,600. Daftari zetu hazijafikia umri huo, na sitakubali tuzitangaze kama kwamba zimefikia. Kinachoweza kutolewa sasa ni mtawanyiko wa mvua ndani ya msimu: Masika yalianza lini, vipindi vya ukavu vilidumu siku ngapi, na ni siku gani za mavuno anayeanika karafuu alilazimika kuanua. Misimu miwili yaweza kuwa na jumla moja, mmoja ukamjaza mkulima ghala na mwengine ukamkaushia mche ungali mdogo.

Kwa hayo, Kamati inaleta hoja ifuatayo. Kuanzia mwezi ujao, sifuri iandikwe tu pale mpimaji alipokwenda na kuona kwa macho yake. Siku isiyosomwa iandikwe herufi H, na maji ya siku kadhaa yaandikwe siku yaliyosomwa, yakionyeshwa ni ya tangu lini. Manyunyu yasiyofikia kipimo yawe na alama yake. Kila kipimamvua kiwe na msomaji wa pili atakayefundishwa na kukaguliwa kabla ya Vuli, na vituo vya maskuli viwe na mtu wa mtaani kwa siku za mapumziko. Daftari za zamani zisifutwe wala kusahihishwa juu ya wino wa mwanzo. Maelezo yaandikwe pembeni, pamoja na jina na tarehe ya aliyeyaandika.

Waheshimiwa wanachama, naomba kutoa hoja.