Kabla hujaandika 777 tena

Kampala, Jumapili usiku

Mpendwa Zaituni,

Assalaam aleikum. Natumaini hamjambo nyote hapo Arua, na goti la Hajati limepata nafuu. Huku sisi wazima. Salamu zenyewe zitafuata, maana ujumbe wako wa jana umenitia wasiwasi.

Unasema kwenye Linux umelipatia faili la michango ruhusa 777, yaani kila mtu aweze kulisoma, kuliandika na kuliendesha, Abuu bado anakataliwa kulifungua, na sasa unataka kuandika `sudo chmod -R 777 /`, inayoipa mashine nzima ruhusa hiyo hiyo, ili yaishe. Tafadhali usiandike. Na kama hiyo ndiyo kompyuta yenye hesabu za chama, nakili hesabu zote kwenye flashi leo hii, uichomoe, uiweke kabatini.

Amri hiyo huua sudo yenyewe, ile programu inayokuazima mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Faili la `/usr/bin/sudo` ni mali ya root, na kwenye ruhusa zake kuna herufi s. Ndiyo inayoliwezesha kufanya kazi kwa mamlaka ya root. 777 inaifuta ile s. Ukiita sudo mara ya pili inagoma, na huna tena njia rahisi ya kurekebisha. SSH, programu ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, nayo hukataa ufunguo wa siri ambao kila mtu anaweza kuusoma. Halafu hakuna amri ya kurudisha mambo yalivyokuwa, kwa sababu chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, haiweki kumbukumbu ya ruhusa za zamani. Wengi huishia kusakinisha mfumo upya.

Sasa, kwa nini Abuu anakataliwa? Andika hivi, uone ruhusa za kila folda njiani hadi kwenye faili:

`namei -l /home/zaituni/michango.txt`

Utaona kitu kama hiki:

`drwxr-xr-x root root /`
`drwxr-xr-x root root home`
`drwxr-x--- zaituni zaituni zaituni`
`-rwxrwxrwx zaituni zaituni michango.txt`

Tazama mstari wa tatu. Herufi ya kwanza, d, inaonyesha kuwa ni folda. Zinazofuata zisome tatu tatu: za mwenyewe, za kikundi, za watu wengine. Wengine wamepewa `---`, yaani hawana chochote. Kwenye Ubuntu, aina moja ya Linux, tangu toleo la 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hufungwa hivyo. Abuu anazuiwa hapo kabla hajalifikia faili, kwa hiyo hata ulipatie faili ruhusa gani, haimfai kitu. Kwenye faili, r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuliendesha kama programu. Kwenye folda maana hubadilika: r ni kuona orodha ya vilivyomo, x ni kupita ndani, na w ni kuongeza au kufuta vilivyomo. Hiyo w ya folda ishike sana. Mtu mwenye w na x kwenye folda anaweza kufuta faili lako hata kama hana ruhusa ya kulisoma!

Namba zenyewe ni hesabu ndogo: r ni 4, w ni 2, x ni 1. Basi 640 ni mwenyewe kusoma na kuandika, kikundi kusoma, wengine patupu.

Dawa ya tatizo lako ni kulitoa faili nyumbani kwako na kuliweka mahali pa pamoja:

`sudo groupadd hazina`
`sudo usermod -aG hazina zaituni`
`sudo usermod -aG hazina abuu`
`sudo mkdir /srv/hesabu`
`sudo chown zaituni:hazina /srv/hesabu`
`sudo chmod 2770 /srv/hesabu`
`cp ~/michango.txt /srv/hesabu/`
`chmod 660 /srv/hesabu/michango.txt`

Ile 2 ya mbele hufanya kila faili jipya ndani ya folda lichukue kikundi cha hazina. Ndiyo maana nimeandika cp: ukihamisha kwa mv, faili litabaki na kikundi chake cha zamani. Kwenye usermod usisahau -a. Ukiandika -G peke yake, utatolewa kwenye vikundi vyako vingine, pamoja na kile cha sudo, na hapo tutaanza kilio kingine. Mwisho, ninyi wawili mtoke na kuingia upya, kwani kikundi kipya hakionekani hadi mtu aingie tena. Abuu aandike `id` na alione neno hazina kwa macho yake kabla hajaanza kulalamika. Najua ubishi wake.

Kuhusu hao vijana watano unaotaka kuwafundisha: kompyuta ya chama wasiiguse. Laptopu yako ya RAM GB 4 inatosha kuweka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na ndani yake Debian, aina nyingine ya Linux, isiyo na madirisha. Ipe RAM GB 1 na diski GB 10. Chukua faili dogo la kusakinishia, lile la netinst, ambalo liko chini ya GB 1, ila ujue kwamba linapakua mengine wakati wa kusakinisha, kwa hiyo bando liwepo. Likifika, hakikisha halikuharibika: pima kwa `sha256sum` ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Debian. Wakati wa kusakinisha, penye nenosiri la root paache wazi, ndipo utapewa sudo. Ukilijaza, mtumiaji wako hatakuwa na sudo na vijana watadhani wamekosea.

Kabla hawajagusa kitu, hifadhi hali ya mashine hiyo ya kuigiza kwa Snapshot, kitufe cha VirtualBox cha kuhifadhi hali ya sasa. Kisha waambie waandike humo ile ile `sudo chmod -R 777 /`, waone sudo inavyokufa, halafu urudishe hali ya mwanzo. Hilo somo litawakaa kuliko onyo langu.

Umeme wenu nao usiusahau. Ukikatika apt, programu ya kusakinisha na kusasisha, ikiwa katikati ya kazi, ukiwaka andika `sudo dpkg --configure -a`, itaendelea ilipoachia. Ukiambiwa `Could not get lock`, mara nyingi mfumo unajisasisha wenyewe. Subiri, usifute faili la lock, yaani la kufuli, hata kama mtandaoni wamekuelekeza hivyo. Na `sudo apt upgrade` hukutajia MB itakazopakua kabla ya kukuuliza. Soma kwanza, na bando likiwa halitoshi jibu n.

Lakini narudi pale pale, maana naona umeshazoea kutanguliza sudo kila mashine inapokataa. `Permission denied` ni jibu, Zaituni, na jibu hilo lina sababu unayoweza kuiona. Uliza mimi ni nani, kwa `id`. Faili ni la nani, kwa `ls -l`. Njia imefungwa wapi, kwa `namei -l`. Ukishaona, ndipo uamue kama sudo inahitajika.

Sasa niambie: ile amri hujaiandika, sivyo? Flashi umeshaitoa? `namei -l` imekuonyesha nini, mstari kwa mstari? Laptopu imebaki na nafasi kiasi gani ukiandika `df -h`? Vijana wanaanza lini, na Rukia amekubali kuwapa kile chumba cha nyuma? Hajati bado anakunywa ile dawa ya asubuhi? Na saa ya hiyo kompyuta iko sawa? Kama sivyo, `sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`.

Nijibu usiku huu huu, hata kwa maneno mawili.

Wako,
Idi