Kusoma kusiishie darasa la pili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Jeanne Chall, mtaalamu wa Marekani ambaye kazi yake inatugusa sana sisi tunaofundisha madarasa ya chini. Alizaliwa Poland mwaka 1921, akahamia New York na wazazi wake akiwa mtoto, na kuanzia mwaka 1965 hadi alipostaafu mwaka 1991 alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard.

Enzi zake walimu wa Marekani walikuwa wakivutana. Vitabu vingi vya kiada vilimtaka mtoto alishike neno zima kwa kulitazama, akisaidiwa na picha, ilhali wengine walishikilia kwamba aanze na herufi na sauti zake. Chall alikusanya tafiti za miongo mingi, akavichambua vitabu vyenyewe, akaingia madarasani na kuwasikiliza walimu, na mwaka 1967 akahitimisha kwamba mtoto anayefundishwa herufi na sauti mapema na kwa mpangilio huanza kusoma vizuri zaidi. Alilaumiwa sana kwa hitimisho hilo, lakini hakuliacha.

Sisi wa Kiswahili hatuna ugomvi na hilo, kwa kuwa silabi zimetulea wote, na mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 uliyapa madarasa ya kwanza na ya pili muda wa kutosha wa kuzifundisha. Ninaloona tumelipuuza ni lile aliloonyesha baadaye, kwamba kusoma hukua kwa hatua, na kwamba kuanzia darasa la nne hivi mtoto hutakiwa kujifunza mambo mapya kwa kusoma. Utafiti alioutoa na wenzake mwaka 1990 uliwaonyesha watoto wa familia maskini wakienda sambamba na wengine hadi darasa la tatu, kisha wakianza kubaki nyuma, kwanza katika kujua maana za maneno yasiyo ya kila siku.

Kwetu hatari hiyo hujificha zaidi, kwa sababu maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi. Mtoto aliyezimudu silabi ataisoma aya nzima kuhusu mmomonyoko wa udongo bila kukwama, nasi tutampa alama ya kusoma, kumbe ukimwuliza aya imesema nini hana la kujibu. Nimewaona wengi wa aina hiyo, na inaniuma kwamba huitwa wazembe.

Naiomba Wizara ya Elimu iendeleze somo la kusoma hadi darasa la nne, likiwa na vipindi vya msamiati na ufahamu, na vyuo vya ualimu viwaandae walimu wa madarasa hayo kulifundisha. Shule nazo zipatiwe vitabu vya hadithi na vya maarifa ambavyo mtoto ataruhusiwa kwenda navyo nyumbani, badala ya kufungiwa kabatini kwa kuogopa vitachakaa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro